Kipandauso na Hadithi Isiyo na Mwisho

Fasihi imezoea kuupenda ugonjwa unaoua. Kifua kikuu kiliwapa waandishi wa Ulaya wa karne ya 19 mashujaa waliokufa wakiwa vijana na wazuri. UKIMWI nao umeipa riwaya ya Kiswahili baadhi ya kurasa zake nzito, kama inavyoonekana katika Ua la Faraja ya William Mkufya (2004). Maradhi ya namna hiyo humjia mwandishi yakiwa na msuko tayari: dalili, siri, ufunuo, kitanda, na hatimaye kaburi au nafuu. Kipandauso hakina msuko huo. Hakimwui mgonjwa wala hakimwachi. Kwa mujibu wa uainishaji wa kimataifa wa magonjwa ya kichwa, kipandauso huhesabiwa kuwa sugu pale mtu anapoumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, na walau siku 8 kati ya hizo zikiwa na sifa mahususi za kipandauso. Kwa wengine hesabu hiyo hufika siku zote za mwezi. Mwandishi afanye nini na ugonjwa ambao sura yake ya mwisho inafanana na ya kwanza?

Swali hili linafaa kuulizwa kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha yenyewe imekwisha kutoa rai kuhusu maradhi haya. Neno la Kiingereza na la Kifaransa limetokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni nusu ya fuvu. Ni jina la mahali. Kiswahili hakikuita mahali, kimeita tendo: kipandauso ni kitu kinachopanda uso. Kina mwendo, kina upande kinakotoka, na karibu kina nia. Anayekitaja kwa jina hilo amekwisha kuanza kusimulia kabla hajaongeza neno la pili.

Mwaka 1926 Virginia Woolf, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na kichwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alichapisha insha On Being Ill katika jarida lililohaririwa na T. S. Eliot. Alilalamika kwamba Kiingereza, lugha iliyoweza kuyabeba mawazo ya Hamlet na msiba wa Lear, hakina maneno ya kumfaa mtu anayeumwa kichwa. Takribani miaka 60 baadaye, katika The Body in Pain (1985), Elaine Scarry aliifanya hoja kama hiyo kuwa nadharia: maumivu hayapingani na lugha tu, bali huivunja. Nadharia hiyo imenukuliwa mno, na mara nyingi bila kuulizwa ni lugha ipi inayovunjika.

Msemaji wa Kiswahili hana ukame huo. Kichwa kinamwanga, kinamgonga, kinamvuta. Panja zinapwita. Jicho linachoma. Maumivu ya tumbo yana vitenzi vyake, kusokota na kukeketa, na ya kifua yana kichomi. Juu ya yote kipo kitenzi kuuma, kinachotumika kwa meno ya mbwa na kwa mwiba wa nyuki kabla ya kutumika kwa kichwa. Mgonjwa hasemi kwamba ana maumivu kama mtu mwenye mali. Husema kichwa kinamuuma, au anaumwa na kichwa, na hapo kiungo chake mwenyewe kinakuwa mtenda na yeye anakuwa mtendwa. Woolf alitamani lugha yenye hisia zaidi, yenye mwili zaidi. Vitenzi hivi, angalau kwa sehemu, ndivyo alivyokuwa akivitafuta.

Hata hivyo wingi wa vitenzi haujazaa wingi wa maandishi. Msamiati huu umebaki sebuleni na kwenye mabaraza ya zahanati, haujaingia vitabuni. Kichwa kinapopewa nafasi kubwa katika riwaya, kama katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), huwa makao ya fikra zilizovurugika kuliko kiungo kinachouma. Sababu moja ya ukimya huu inaweza kuwa adabu. Anayeulizwa hujambo hutakiwa kujibu sijambo, hata kama mwanga wa dirishani unampasua jicho. Salamu inamtaka aikane hali yake kabla mazungumzo hayajaanza. Akisema ukweli ataambiwa ugua pole, dua njema inayochukulia kwamba kuugua ni safari yenye kituo. Wiki ijayo ataulizwa kama amepona, na mwezi ujao ataulizwa tena. Baada ya mwaka swali lenyewe huwa mzigo kwa pande zote mbili, naye hurudi kwenye sijambo ili kuwapumzisha wenziwe. Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kipandauso kinaipinga methali hiyo, kwa kuwa hakiui. Kinaweza kufichwa miaka 40, na kifo kikija kwa njia nyingine hakitamuumbua mtu.

Insha inayotajwa zaidi kuhusu maradhi haya inaanzia hapo hapo, kwenye kuficha. Joan Didion aliandika In Bed mwaka 1968 na kuijumuisha katika The White Album mwaka 1979. Siku tatu, nne, wakati mwingine tano kwa mwezi, mwandishi huyu wa California alikuwa kitandani, hajui kinachoendelea duniani. Alipokuwa kijana alikana. Alipojaza fomu zilizouliza kama anasumbuliwa na kichwa, alidanganya kwa kujibu kwamba ni wakati mwingine tu, kwa kuwa aliona kukiri ni kutangaza kasoro ya tabia. Ni sijambo ya Kimarekani, iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya ofisi.

Nguvu ya insha hiyo iko katika namna inavyokataa huruma. Didion anaeleza kemia ya ubongo kwa utulivu wa mwandishi wa habari, anataja dawa za wakati wake, anahesabu ndugu waliomrithisha ugonjwa. Kisha anafika kwa daktari anayeamini kwamba wenye kipandauso wana tabia moja: wapenda ukamilifu, wasiovumilia kosa. Daktari anazitazama nywele zake zilizotimka na kushuku, halafu anakisia kwamba labda ukamilifu wake uko katika usafi wa nyumba. Nyumba yake, anasema Didion, imevurugika kuliko nywele. Ukamilifu wake uko kwingine, katika wiki nzima anayoweza kuitumia akiandika na kuandika upya aya moja. Kichekesho kinamwangukia daktari, lakini kinamwangukia pia msomaji aliyekuwa tayari kuamini kwamba maumivu ni matokeo ya tabia ya mtu.

Mwisho wa insha ndio uliopendwa zaidi, na ndio unaostahili kutiliwa shaka. Didion anasema amejifunza kuishi na kipandauso, anakitazama sasa kama rafiki. Kinapokuja hakipingi tena. Analala na kukiacha kifanye kazi yake. Kinapoondoka huondoka na chuki zake ndogo ndogo na mahangaiko yake, na ulimwengu hurudi mpya: hewa, chakula, ua lililowekwa ngazini. Ni mwisho mzuri, lakini uzuri wake unategemea sharti moja la kisarufi. Kipandauso cha Didion ni cha hu-. Huja, huumiza, huondoka. Mtu anaweza kufanya urafiki na mgeni anayekuja mara nne kwa mwezi, kwa sababu baina ya ziara moja na nyingine nyumba ni yake. Mwenye maumivu ya kila siku hana baina. Kwake kichwa kinauma, kwa -na- ya tendo linaloendelea, na hakuna asubuhi ya kurudishiwa ua la ngazini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Didion alikijua kitanda chake vilivyo, lakini kuna kitanda cha pili ambacho hakukilalia, na insha yake imekuwa ikisomwa kana kwamba ni mwongozo wa vitanda vyote.

Kitanda hicho cha pili kina kitabu chake, nacho hakisifiwi sana. Paula Kamen, mwandishi wa Chicago, alianza kuumwa mwaka 1991, maumivu yalipomshika nyuma ya jicho la kushoto alipokuwa akivaa lenzi. Hayakuondoka. All in My Head, kilichochapishwa mwaka 2005, ni masimulizi ya kutafuta nafuu: vidonge vya aina nyingi, upasuaji, sindano za Kichina, tiba mbadala za kila namna, kila moja ikiingia kwa matumaini na kutoka kwa aibu. Kamen anaitazama historia ya tiba na kuona jinsi wanawake wanaougua magonjwa yasiyoonekana kwa macho walivyoambiwa kwamba wanaumwa na mawazo yao. Jina la kitabu linacheza na kauli hiyohiyo, kwamba yote yamo kichwani mwake. Kweli yamo, ila si kwa maana iliyokusudiwa na waliomwambia.

Kama kazi ya sanaa, kitabu cha Kamen kina kasoro zinazoonekana upesi. Ni kirefu, kinajirudia, mizaha yake mingine imelazimishwa, na msomaji huchoka kabla ya nusu. Lakini uchovu huo una la kusema. Hadithi ya safari ya shujaa humwahidi msomaji kwamba kila kituo kinamsogeza mbele. Katika kitabu hiki tiba ya 10 haimpeleki mgonjwa mbele ya tiba ya 3. Kinachobadilika ni mkoba wa fedha na imani. Anayefunga kitabu akiwa amechoshwa amepewa kipimo kidogo cha kile alichokuwa akisimuliwa. Didion aliandika vizuri zaidi, Kamen alikuwa mkweli zaidi kwa muda wenyewe wa maradhi, na uhakiki unaotaka kuyaelewa maandishi ya namna hii hauna budi kuvipima vyote viwili bila kukifuta kimoja kwa kingine.

Utafutaji wa nafuu una kejeli zake, ambazo fasihi ya Kiswahili ingeweza kuzitumia. Anayetumia dawa za kawaida za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za kundi la triptani siku 10 au zaidi, anaweza kupata maumivu yanayotokana na dawa yenyewe. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hapa dawa ndiyo inayogeuka moto. Tiba za karibuni zipo: sindano za botoksi ziliidhinishwa kwa kipandauso sugu Uingereza na Marekani mwaka 2010, na dawa ya kwanza ya kingamwili iliyobuniwa mahususi kwa kuzuia kipandauso iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Zimewasaidia wengi, na wengine hazikuwasaidia. Pwani ya Afrika Mashariki na Oman kuna wanaokwenda kuumikwa. Pembe ya kuumikia huitwa chuku, na kupiga chuku ni pia kutia chumvi katika maneno. Neno hilohilo la tiba ndilo la tuhuma: anayetafuta nafuu kwa pembe na anayedhaniwa kuzidisha kilio chake wanakutana katika sauti moja.

Kiswahili lakini hakianzi mikono mitupu. Moja ya tenzi zinazosomwa zaidi katika lugha hii ilitungwa na mgonjwa wa muda mrefu. Mwana Kupona binti Msham, ambaye jina lake limebeba kitenzi alichokihitaji, alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake karibu mwaka 1858, akiwa ameshikwa na maradhi kwa mwaka mzima, na alifariki yapata miaka miwili baadaye. Maradhi yake hayakuwa kipandauso, na hakuna haja ya kumpa ugonjwa usio wake. Jambo la kuzingatia ni jinsi wasomaji walivyoyapita. Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliupa utenzi jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke, na mjadala mwingi tangu hapo umehusu wajibu huo: ni utiifu, ni mbinu, au ni kejeli? Mwili uliolala ukitunga umebaki pembezoni.

Ukisomwa kutoka kitandani, utenzi huo unatoa njia ambayo Didion na Kamen hawakuipita. Mwana Kupona hafanyi urafiki na maradhi yake, wala haorodheshi dawa. Anayataja mapema, kwa maneno machache, kama sababu ya kumwita binti yake asogee na wino na karatasi. Kisha anazungumza mambo mengine: dini, adabu, nyumba, watu. Mwishoni anageukia dua. Maumivu hapa ni mahali pa kusemea. Yanampa msemaji haraka, yanampa mamlaka, na yanamlazimisha kuchagua la kusema. Tatizo la mwisho linatatuliwa kwa kuwa hadithi haikuwa ya ugonjwa tangu mwanzo. Ilikuwa ya anayesikiliza.

Hili si suala la maktaba pekee. Katika zahanati za London, Maskati au Minneapolis, msemaji wa Kiswahili huulizwa aeleze maumivu yake kwa namba kutoka 0 hadi 10. Kuwanga, kupwita na kuvuta vinapita kwa mkalimani na kutoka vikiwa neno moja na tarakimu moja. Daktari anaandika 7. Kilichopotea hapo ni taarifa ya kitabibu, kwa sababu kichwa kinachopwita upande mmoja si sawa na kichwa kinachobana pande zote, na tofauti hiyo ndiyo inayosaidia kutenganisha kipandauso na maumivu mengine. Lugha ambayo vitabu vyake vingekuwa vimeviweka vitenzi hivi katika vinywa vya wahusika, na kuvibishania, ingewapa wakalimani na wagonjwa mahali pa kuegemea. Vitenzi vipo. Kinachosubiriwa ni mwandishi atakayeulizwa hujambo na, kwa mara moja, asijibu sijambo.