Neno "Mwenyeji" na Sheria ya Kireno

Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwezi Juni, 1962, aliacha kitabu kiitwacho The Struggle for Mozambique. Kilitolewa mwaka 1969, mwaka ule ule alipouawa kwa bomu mjini humo. Kiliandikwa kwa Kiingereza, ingawa ofisi ya chama ilikuwa Mtaa wa Nkrumah, si mbali na soko la Kariakoo, ambako shughuli zote huendeshwa kwa Kiswahili. Mfasiri wake hana budi kukabili neno moja gumu: indígena.

Tarehe 28 Mei, 1926, majeshi yaliipindua jamhuri ya Ureno. Mwezi Oktoba, utawala huo wa kijeshi ulitoa sheria ya kuwatenga watu wa Angola na Msumbiji: aliyeitwa indígena hakuhesabiwa kuwa raia. Ikafuata sheria ya kazi ya 1928, kisha Sheria ya Makoloni ya 1930, wakati ambapo Salazar, profesa wa uchumi, alikuwa amekwisha kuingizwa serikalini na wanajeshi hao. Katiba ya 1933 ilibadili jina la utawala, lakini utengano ule ulidumu hadi 1961.

Kwa maana ya juu juu, indígena ni "mwenyeji". Lakini mwenyeji ni mwenye mji. Kariakoo ndiye ampokeaye mgeni, humwonyesha pa kulala na kumdhamini kwa majirani. Na wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sheria ya Kireno ilimfanya mtu mgeni kwake mwenyewe, akalimishwa pamba kwa amri. Kumwita "mwenyeji" ni kumvika heshima ambayo sheria ilimvua. Kumwita "mshenzi" ni kosa la pili, kwani dharau ya mtawala itasomeka kama kauli ya Mondlane. Afadhali neno libaki "indijena", lielezwe mara ya kwanza, kisha liachwe lichukize.

Mahali Alberto Chipande anaposimulia mauaji ya Mueda ya 1960, tafsiri haina shida, maana hapo anasema mtu. Ugumu uko katika kurasa za sheria, nazo ndizo zisizofaa kulainishwa. Wamakonde wengi waliovuka Ruvuma kuja kukata mkonge Tanganyika waliikimbia sheria hiyo. Wajukuu wao wakisoma kwamba babu zao walikuwa "wenyeji" kule, hawatajua walikimbia nini.