Volti 24 Si za Kudharau

Ukifungua kabati la PLC, yaani kompyuta inayoendesha mitambo kiwandani, jicho la fundi hukimbilia upande wa volti 230. Ana haki, huko ndiko umeme unakoua. Lakini kazi ya huko imeshazoeleka: swichi kuu inayofungwa kwa kufuli, breka, ethi iliyokazwa kabla ya fezi. Mashine ikikataa kusimama baada ya kitufe chekundu kubonyezwa, mimi huanza kukagua upande wa volti 24.

Tuchukue Siemens S7-1200 yenye CPU 1214C ya aina ya DC/DC/DC. Inataka mkondo mnyoofu wa volti 20.4 hadi 28.8, kwenye terminali L+ (chanya) na M (volti 0). L+ haina utata. Utata uko kwa M: iungwe na ethi, au iachwe ielee?

Wapo wanaoiacha, wakisema volti 24 hazimuui mtu. Ni kweli, ila anayeua hapa ni mashine. Chukua waya wa kitufe cha kusimamisha uliopita ndani ya bomba la chuma. Mtikisiko unauchubua, shaba inagusa chuma. Ikiwa M haina ethi, hakuna dalili yoyote: fyuzi nzima, taa zinawaka, uzalishaji unaendelea. Siku waya wa upande wa pili wa kitufe hichohicho utakapochubuka, umeme utakizunguka kitufe kupitia mwili wa mashine. Utabonyeza, na kontakta haitaachia.

M ikiwa na ethi, mchubuko wa kwanza tu huwa shoti na breka inaruka. Ndiyo maana kiwango cha IEC 60204-1, kinachohusu umeme wa mashine, hakikubali M iachwe hivihivi: iungwe na ethi, au kuwe na kifaa cha kuchunguza insulesheni. Lakini ethi peke yake haitoshi. Koili ziungwe moja kwa moja na M, swichi zikae upande wa L+. Ukiweka swichi upande wa M, mchubuko mmoja kati yake na koili unaiwasha mashine bila mkono wa mtu.

Na breka itaruka kweli? Hapa wengi hujidanganya. Pawasaplai ya kielektroniki ya ampia 5 hujibana inapozidiwa. Haitoi mkondo wa kutosha kuirusha papo hapo breka ya C6, inayodai walau ampia 30, na zaidi kwenye mkondo mnyoofu. Volti zinaporomoka, PLC inazimika, breka imetulia tuli. Dawa ni breka za kielektroniki, moja kwa kila tawi, na PLC ipewe tawi lake.

Kitufe cha dharura nacho kikate umeme wa koili na vali kwa waya halisi, si kwa programu pekee. PLC yenyewe ibaki hai ieleze kilichotokea.

M iunganishwe na ethi mahali pamoja tu, kwa kiungo kinachofunguka. Umeme ukiwa umezimwa, chomoa nyaya za mawasiliano pamoja na kompyuta mpakato, fungua kiungo, kisha pima kwa multimita ya kawaida. Ukikuta M bado imeshikana na ethi, kuna muungano wa pili umejificha, mara nyingi kwenye sensa au shildi ya kebo. Mega ya volti 500, ya kupima insulesheni, iache kwenye mkoba wake: inaweza kuunguza vifaa vya kielektroniki.