Nani Asemeshwaye? Nafsi-nenewa katika Maombi ya Heri za Harusi

Maombi ya heri wanayoombewa maharusi ni usemi mfupi ambao mara chache huhesabiwa kuwa kitu cha kuhakikiwa. Husomwa kadini, hutamkwa mbele ya meza ya wazee, siku hizi hutumwa kwa simu, kisha husahauliwa kabla maua hayajanyauka. Huchukuliwa kuwa maneno ya desturi tu, na desturi hudhaniwa kuwa kinyume cha hisia: atakaye kuandika kutoka moyoni huonywa ajiepushe na yaliyozoeleka, abuni yake. Dhana hiyo haina msingi katika Kiswahili. Usemi wa kale waweza kubeba moyo mzima wa msemaji, na usemi uliobuniwa jana, ukajazwa vivumishi, waweza kuwa mtupu. Jambo la kuchunguzwa ni nafsi-nenewa: ni nani hasa asemeshwaye, na je, lugha iliyochaguliwa inamwona?

Na ichukuliwe sentensi ambayo kila msomaji amekwisha kuikuta: "Nawatakia maisha marefu ya ndoa yenye furaha na amani tele." Kisarufi haina kosa. Hata hivyo, nafsi ya kwanza iliyojificha katika kiambishi cha mwanzo ndiyo kiima, na kutaka kwake ndilo tendo pekee lililomo. Maharusi hawatendi lolote, wala hakuna atendaye kwa ajili yao. Kuna mtu anayetaka, na anatangaza kuwa anataka. Kiambishi cha yambwa, -wa-, kina utata zaidi, kwa kuwa chaweza kumaanisha "ninyi" na chaweza kumaanisha "wao". Msemaji aliyesimama ukumbini akitamka "nawatakia" huenda anawasemesha maharusi, na huenda anawasema kwa wageni waliohudhuria. Mara nyingi macho yake ndiyo huamua, nayo huwa yanaelekea kwa wageni. Wasemaji wengi wa mwambao huuondoa utata huo kwa kiambishi -ni: "nakutakieni", "Mungu akupeni". Silabi moja inatosha kumfanya anayesikia ajue kwamba yeye ndiye aliyekusudiwa. (Hata "yenye" katika sentensi ile haijulikani inafuata "maisha" au "ndoa", maana ngeli zote mbili hulikubali umbo hilo, lakini huo ni utata usiomdhuru mtu.)

Linganisha na usemi mkongwe: "Mungu awape masikizano." Hapa kitenzi kimo katika hali ya kuomba, kiima ni Mungu, na mwombaji amejiondoa kabisa. Lakini nguvu ya usemi huu imo katika nomino yake. "Masikizano" hutokana na kusikizana, na kauli ya kutendana haiwezi kutimizwa na mtu mmoja. Furaha mtu aweza kuwa nayo peke yake; amani kadhalika, na hata upendo, kwani mtu hupenda asipopendwa. Masikizano hayawezekani pasipo wawili. Aliyeliunda ombi hilo, ambaye hatajulikana kamwe, aliwaona bwana arusi na bibi arusi pamoja, kisha akataja jambo mahususi watakalolihitaji: kwamba kila mmoja amsikie mwenziwe. Huu ni usemi wa desturi, na bado una ujuzi wa ndoa kuliko orodha nzima ya mema yaliyounganishwa kwa koma.

Suala hili la kuchagua maneno lina historia ndefu katika utamaduni wa Kiislamu uliolea sehemu kubwa ya ushairi wa mwambao. Katika Hadithi imesimuliwa kwamba Akil bin Abi Talib alipooa, watu walimpongeza kwa maneno ya enzi ya kabla ya Uislamu, yaliyomtakia maelewano na watoto wa kiume. Aliwakataza, akawaelekeza kwenye dua iliyotoka kwa Mtume. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na wafafanuzi ni kwamba usemi ule haukumtaja Mungu, na kwamba uliwabagua mabinti kabla hawajazaliwa. Kwa hiyo, uhakiki wa pongezi za harusi si mchezo wa wasomi wa karne hizi. Ulifanywa na bwana arusi mwenyewe, siku za furaha yake.

Dua iliyopokewa kwa Abu Huraira, na kuandikwa na Abu Daud na Tirmidhi, ina mpango wa viwakilishi unaostahili kuangaliwa. Sehemu zake mbili za kwanza, baraka kwa ajili yako na baraka juu yako, humwelekea mtu mmoja. Sehemu ya tatu, inayoomba wakutanishwe katika heri, hugeukia umbo la uwili ambalo Kiarabu kinalo na Kiswahili hakina. Aliyeanza kusemeshwa peke yake anaishia kusemeshwa pamoja na mwenziwe, na ndoa inatokea ndani ya sarufi ya dua. Kuifasiri kwa "Mungu awabariki", kama inavyofanywa kwa haraka, ni kuupoteza mwendo huo wote. Lakini haifuati kwamba Kiswahili ni maskini. Kazi inayofanywa na uwili wa Kiarabu hufanywa na kauli ya kutendana, na ndiyo maana "masikizano" ni tafsiri ya roho ya dua ile kuliko neno lolote lililo karibu na herufi zake.

Kwa msingi huo yafaa kuurejea Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima. Kitanzu, huo ni wasia, si pongezi. Hata hivyo, hakuna matini ya Kiswahili iliyotegemewa zaidi pale mwali anapoambiwa neno la moyoni kuhusu ndoa. Mama ni mgonjwa, anamwita binti aketi karibu na wino na karatasi, na tangu hapo nafsi-nenewa haina shaka: ni mtoto mmoja, mwenye jina, aliyeketi mbele ya mamaye. Ukali wa baadhi ya mafundisho, hasa yale yanayoifanya ridhaa ya mume kuwa mlango wa Peponi, umewagawa wahakiki. Ann Biersteker, katika makala yake ya 1991, alidai kwamba utii unaohubiriwa hauwezi kusomwa bila kuuzingatia uwezo wa mtunzi na uwezekano wa kinaya.

Swali la nafsi-nenewa huenda likausogeza mjadala huo hatua moja. Mume katika utendi huu hasemeshwi hata mara moja. Tena binti anaagizwa amtunze kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Tashbihi hiyo husomwa ama kuwa unyenyekevu ama kuwa kejeli, lakini maana yake ya kwanza ni wazi zaidi: asiyejua kusema hawezi kuwa msemaji wala msemeshwa. Mwana Kupona amemweka mume nje ya mazungumzo. Matokeo yake yana pande mbili. Kwa upande mmoja, mazungumzo ya wanawake yanabaki yao, hayana msikilizaji wa kuogopwa. Kwa upande wa pili, mzigo wote wa ndoa unamwangukia aliyesemeshwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeambiwa lolote.

Kisha, baada ya beti nyingi za maagizo, mtunzi anaikumbuka ndoa yake mwenyewe: jinsi alivyoolewa kwa furaha, na jinsi walivyokaa siku zote pasipo kuvunjiana heshima. Kitenzi kinachoibeba kumbukumbu hiyo ya heshima kiko katika kauli ya kutendana. Wasia uliokuwa ukimwamrisha mmoja unafichua kwamba mfano wake ulikuwa wa wawili. Kwa maoni yanayotolewa hapa, huo ndio moyo wa utendi, wala hauko katika beti za utii zinazonukuliwa mno. Mjane anayemtakia binti yake heri hamwahidi furaha, anamtolea ushahidi. Mwishoni nafsi-nenewa inapanuka, wanawake wengine nao wanahimizwa kuusoma na kuufahamu, na umoja unakuwa wingi bila yule wa kwanza kusahauliwa.

Pengo lililoachwa na utendi kwa upande wa mume halijazibwa katika sherehe za leo. Hotuba huanza kwa wingi, "nawatakieni uvumilivu", lakini mifano inayofuata, ya kunyamaza, ya kusubiri, ya kuficha siri za nyumba, humwelekea bibi arusi. Kiambishi ni cha wawili na maudhui ni ya mmoja. Mhakiki anayelipita jambo hili kwa kuwa ni maneno ya sherehe tu anaiachia sherehe ifunze kile ambacho asingekikubali katika riwaya.

Nyimbo za vugo, ambazo wanawake wa Lamu na Mombasa huziimba harusini wakigonga pembe, zina werevu wa namna nyingine. Heri hutamkwa kwa maharusi, lakini chenga ya maneno humlenga mwingine: jirani aliyesema ndoa haitafungwa, au kundi la waimbaji wa upande wa pili, ambao watajibu. Atajwaye siye asemeshwaye, na kila aliye uani anajua. Ndiyo sababu nakala ya wimbo wa vugo inayoandika maneno peke yake huwa na nusu ya wimbo. Mwanafunzi aendaye kurekodi nyimbo hizi ana wajibu wa kuandika, pembeni ya kila ubeti, ni nani aliyekuwa amekaa wapi, na mwimbaji alipofika kwenye neno "heri" aliuelekeza uso wake kwa nani.