Kihamba Juu ya Meza

Anayedhani kujenga shamba dogo juu ya ubao ni mchezo wa watoto hajakosea sana. Watoto wa wafugaji wamefuga ndulele na ng'ombe wa udongo tangu enzi na enzi, wakawajengea mazizi ya vijiti na kuwachunga nyuma ya nyumba. Tofauti ni kwamba mtoto akisema huyu ni ng'ombe, yamekwisha. Mtu mzima amejifunga kwa rula.

Rula yangu ni ya moja kwa hamsini: kila mita ya ardhi ni sentimita 2 mezani. Kwa hesabu hiyo, ubao wa plaiwudi wenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60 unabeba eneo la mita 50 kwa 30. Hapo panatosha sehemu nzuri ya kihamba cha Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, pamoja na nyumba, banda la ng'ombe, migomba, kahawa na mfongo unaoleta maji kutoka mlimani. Mtu ana kimo cha sentimita 3 na nusu hivi. Mgrevilea wa mita 20 unafika sentimita 40. Tunda la kahawa lililoiva, ambalo kiganjani ni kama sentimita moja na nusu, linabaki milimita 0.3. Hilo halichongwi, linadonolewa kwa ncha ya sindano iliyochovywa kwenye rangi nyekundu.

Wengine hupenda shamba la mahindi kwa sababu ya mistari yake. Kihamba hakina mistari, kina ghorofa. Juu kabisa ni miti mirefu ya kivuli, inafuata migomba, chini yake kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliviingiza vihamba vya Shimbwe Juu, Kilimanjaro, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Fundi wa mezani anaujua ugumu wa mpangilio ule kwa vidole vyake: asipoanza na magimbi, migomba ikishasimama mkono haupiti tena. Kwa hiyo kazi inaanzia ardhini kwenda juu, na kutoka nyuma kuja mbele.

Chukua mgomba mmoja. Mgomba si mti. Shina lake ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine. Ukichonga kijiti na kukibandika majani, utapata kijiti chenye majani. Lakini ukikata karatasi ya kaki vipande virefu, ukavipaka gundi ya seremala na kuviviringisha kwa kupishana, shina linajitokeza lenyewe, na zile kingo zake za wima zikionekana. Jani lina urefu wa sentimita 4. Ni karatasi nyembamba yenye uti wa shaba uliochomolewa ndani ya waya wa umeme. Kisha unaingia wembe. Upepo huchana jani la mgomba kutoka ukingoni kuelekea kwenye uti, na michano haifanani. Jani changa la katikati limejiviringisha bado na halijachanika hata kidogo. Majani ya chini yamekauka, yamejilaza kwenye shina. Pembeni lazima pawe na machipukizi, kwa sababu shina hukatwa likishatoa mkungu, na warithi wake wanatakiwa wawe wameshasimama.

Ardhi nayo ina masharti yake. Mteremko unajengwa kwa matabaka ya maboksi, na udongo wa juu unaweza kuwa machicha ya kahawa yaliyokaushwa juani mpaka yakawa vumbi, la sivyo yataota ukungu. Mfongo hauporomoki moja kwa moja kutoka juu. Unakata mteremko kwa mshazari, polepole, ili maji yafike bila kubomoa kingo. Kuhusu maji yenyewe, hapo rula inashindwa. Tone halikubali kupunguzwa mara hamsini. Ukilimwaga kwenye mfereji wa milimita 10 linavimba na kukaa kama ushanga. Ndiyo maana tunapaka vanishi, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri la chini yake likauke.

Mafundi wa Misri ya kale walikuwa na jibu jingine. Mwaka 1920 msafara wa Herbert Winlock wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York ulikuta, katika kaburi la mtumishi mkuu wa ikulu aliyeitwa Meketre, chumba kidogo kilichojaa sanamu za mbao zenye umri wa karibu miaka 4,000. Zilionyesha ng'ombe wakihesabiwa mbele ya bwana wao, ghala lenye makarani wakiandika, na bustani ya mikuyu iliyozunguka bwawa. Bwawa lile lilitandikwa shaba ili lishike maji ya kweli, na ghalani mlitiwa nafaka ya kweli. Shamba lile lilikusudiwa kumlisha Meketre ahera, kwa hiyo halikutosha kufanana na shamba. Lilipaswa kufanya kazi.

Hapo ndipo ninapoona heshima ya ufundi huu. Mwenyeji wa Marangu, Kilimanjaro, akiinama juu ya ubao hatauliza kama ng'ombe amefanana. Atauliza anakula nini. Ng'ombe wa kihamba hafunguliwi akachungwe, analetewa chakula bandani: majani ya migomba, na mizigo ya nyasi iliyobebwa kutoka tambarare. Samadi yake inarudi kwenye migomba, na migomba inaitilia kahawa kivuli. Atatafuta pia masale mpakani, jani ambalo Wachagga hulitumia hata kuombea msamaha, na asipoyaona atajua hapa hapana mwenye shamba. Unaweza kupaka rangi kila unywele wa ng'ombe na bado ukawa hujajenga kihamba, kwa kuwa kihamba ni yale yanayopita kati ya kitu na kitu.

Picha inakuruhusu usijue. Unaweza kupiga picha ya banda bila kufahamu samadi inatokea upande gani. Ubaoni kila kitu kinadai mahali pake na sababu yake, na ukikwama dawa ni moja: funga kopo la rangi, nenda kamuulize anayelima.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni asianze na nyumba. Atengeneze mgomba mmoja na kiganja kimoja cha ardhi. Mgomba utadai samadi, samadi itadai ng'ombe, ng'ombe atadai banda, banda litadai njia ya kupitisha mzigo wa nyasi, na njia itamdai mtu wa kuubeba. Nyumba itajengwa kwa ajili ya huyo.