Kanvasi ya Namba Hukaguliwa Usoni

Ukiletewa kanvasi ya namba iliyotengenezwa nyumbani kutokana na picha ya mtu, usianze kusifia mawimbi wala machweo. Anza na uso; hapo ndipo fundi hujulikana.

Mtindo huu wa kuchora mipaka, kukitia namba kila kipande na kumwachia mwingine apake rangi, ulipata umaarufu Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupitia Dan Robbins na kampuni ya Palmer Paint ya Detroit. Siku hizi programu ya simu huigawa picha yoyote kwa sekunde chache, na kasoro nyingi huanzia humo. Iambie itumie rangi 12 kwenye picha ya mvuvi wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika: anga na maji, kwa kuwa ndivyo vilivyoijaza picha, vitachukua karibu zote, na uso wake mweusi utaambulia kahawia moja au mbili. Anabaki bapa, hana shavu wala paji. Huko ni kumpunja mtu, na ndiyo kasoro inayoniudhi kuliko zote. Fundi mzuri huutenga uso, akaugawa kwa rangi zake wenyewe, ndipo akaurudisha kwenye picha. Kwa ngozi nyeusi nataka kahawia tano kwenda juu: yenye wekundu shavuni, yenye ubuluu kidogo pale mwanga wa anga unapogusa paji, iliyokaribia zambarau chini ya kidevu.

Picha yenyewe nayo ikaguliwe. Ikola, Ziwa Tanganyika liko magharibi. Ukimpiga mtu picha jioni akiwa amelipa ziwa mgongo, jua linalozama upande wa Kongo litamgeuza kivuli, na hakuna namba itakayomwokoa. Alitazame ziwa, mwanga umfike usoni.

Kitambaa hakina maneno mengi: marikani nzito iliyovutwa ikakaza, rangi nyeupe mikono miwili, kisha msasa laini. Mipaka na namba ziwe za penseli hafifu. Wino wa kalamu hupenya juu, hasa chini ya manjano.

Taka pia kuona kila rangi imepakwa na kukauka kando ya namba yake. Akriliki hukolea ikikauka. Fundi aliyelinganisha rangi ingali mbichi atamtia mtu wake giza.

Kabla ya kulipa, akuonyeshe kwenye simu jinsi vipande vitakavyokuwa vikishajazwa. Mama wa mhusika asipomtambua mwanawe papo hapo, usilipe. Picha irudi ikagawanywe upya.