Karamu Juu ya Chokaa Mbichi

Chokaa mbichi haina subira. Fundi akishaipaka juu ya jiwe, ana saa chache tu za kuweka rangi iliyochanganywa na maji. Chokaa ikikauka hunywa hewa, ikawa ngumu kama jiwe na kuifungia rangi ndani yake. Aliyekosea hawezi kufuta; itambidi abandue lipu aanze upya. Ndiyo maana namstahi sana mchoraji wa Kaburi la Mpiga Mbizi: alifanya kazi mbio, akachora watu wasio na haraka yoyote.

Kaburi hilo lilifukuliwa tarehe 3 Juni 1968 na mwanaakiolojia Mario Napoli karibu na Paestum, kusini mwa Italia, mji ambao Wagiriki walioujenga waliuita Poseidonia. Ni sanduku la mabamba matano ya mawe, manne ya kuta na moja la kifuniko, yaliyochorwa upande wa ndani kati ya mwaka 480 na 470 K.K. Kuchora watu makaburini haikuwa desturi ya Wagiriki wa zama zile. Walioizoea ni Waetruski, majirani zao wa kaskazini.

Kuta mbili ndefu ni karamu ya mvinyo. Kila upande una vitanda vitatu na wanaume watano waliojiegemeza kwenye mito, vifua wazi, mashada ya majani vichwani. Mmoja anapuliza zumari ya mirija miwili. Jirani yake amelaza kichwa nyuma, mkono juu ya utosi, kama mtu aliyezidiwa na wimbo. Mwingine anacheza kotabosi, mchezo wa kurusha mashapo ya mvinyo kulenga shabaha. Kidole kimepenya kishikio cha kikombe, mkono umenyooka, na mvinyo u karibu kuruka. Kwenye ukuta mmoja mfupi mtumishi anatoka mezani penye bakuli kubwa la mvinyo. Kwenye ule wa pili wanatembea watatu: mpiga zumari mdogo, kijana mwenye shali ya buluu, na mzee wa ndevu mwenye fimbo.

Mchoraji alianza kwa kukwaruza mistari ya kumwongoza kwenye lipu iliyo laini. Baada ya hapo ilibaki imani ya mkono wake. Tazama mistari ya miili iliyolegea ya wanywaji; mistari ya namna hiyo haipatikani kwa kusitasita. Utulivu wa wale wanaume umetokana na uhodari wa mtu ambaye yeye mwenyewe hakuruhusiwa kutulia.

Juu yao, kwenye kifuniko, kijana yuko hewani akielekea majini, miguu imenyooka, kichwa kimeinuka. Yeye ndiye aliyelipa kaburi jina, na wataalamu wengi husema kuruka kwake ni safari ya kutoka uhai kwenda mauti. Huenda ni kweli. Lakini kifo hakikuhitaji fundi ili kifike. Karamu ndiyo iliyomhitaji ili ibaki.

Mabamba yote matano yamo katika makumbusho ya Paestum. Ukijaliwa kufika, usimkimbilie mpiga mbizi. Simama kwanza mbele ya kidole kile kilichoshika kikombe, ukumbuke kwamba kilichorwa kabla chokaa haijakauka.