George Lansbury na Ufundi wa Udiwani

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, George Lansbury alichaguliwa kuingia katika bodi ya misaada ya maskini huko Poplar, mashariki mwa London. Siku moja, akikagua makazi ya mafukara, aliona vipande vyeusi vikielea kwenye uji wa jioni. Kilikuwa kinyesi cha panya. Msimamizi, mwanamke, alishikilia kwamba uji ni safi. Lansbury akachukua bakuli na kijiko, akamwomba aonje mara moja tu. Akionja, Lansbury mwenyewe atakiri amekosea. Yule mama hakuthubutu.

Ustadi wake wote umo humo: kuitafuta ile sehemu ya hoja ya wakubwa inayoweza kupimwa hadharani, kisha kuwaachia wenyewe waipime.

Haukukomaa kwa siku moja. Mwaka 1910 aliingia Bungeni kuwakilisha Bow na Bromley. Miaka miwili baadaye alijiuzulu ili agombee upya kwa hoja moja, haki ya wanawake kupiga kura. Akashindwa, akakaa nje ya Bunge miaka kumi. Hoja ilikuwa ya haki, lakini aliibeba bila chama chake, tena waliomhukumu kwenye sanduku la kura ni wanaume watupu.

Mwaka 1921, akiwa diwani wa Poplar, hakusimama peke yake. Poplar ilijaa vibarua wa bandarini wasio na kazi, na kila mtaa ulilisha maskini wake kwa kodi ya majengo yake. Kwa hiyo penye shida nyingi kodi ilipanda, na matajiri wa magharibi mwa London walilipa kidogo. Juu ya hayo, Poplar ilidaiwa michango ya Baraza la Kaunti, polisi na maji.

Madiwani walichagua kwa uangalifu cha kukataa. Hawakugoma kutoza kodi: waliendelea kutoza ile ya kuhudumia watu wao, wakaacha tu ile ya kupeleka juu. Mama wa nyumbani aliweza kulieleza jambo lenyewe kwa sentensi moja, na wakubwa wa London hawakuweza kulipuuza. Waliposhtakiwa, Julai 29, walikwenda Mahakama Kuu kwa maandamano, mbeba rungu la halmashauri akitangulia na bango likisema wanaelekea mahakamani na pengine gerezani. Madiwani 30 wakafungwa, watano wao wanawake. Hata huko utaratibu haukuvunjwa: vikao vya halmashauri vilifanyika ndani ya gereza la Brixton, wanawake wakiletwa kutoka gereza la Holloway. Waliachiwa Oktoba baada ya wiki sita hivi, na kabla mwaka haujaisha ikapitishwa sheria ya kugawana gharama za maskini kwa London nzima.

Lansbury alirudi Bungeni mwaka 1922, na kuanzia 1932 akaongoza Chama cha Labour. Mwaka 1935, Italia ilipojiandaa kuivamia Ethiopia, yeye, mpinga vita wa kweli, alikataa vikwazo kwa kuhofia vitaleta vita. Mkutano wa chama ukamkataa, akajiuzulu. Ufundi aliojifunza Poplar ulihitaji mpinzani anayeona haya na anayelazimika kurudi kwa wapigakura. Mussolini, mtawala wa Italia, hakuwa na haya wala mpigakura wa kumwogopa.